Mafuta ya nazi yasiyoganda: nimepigwa, au kuna kemia hapa?

#1 Kitunguu Maji
Wakuu salaam. Nina jambo la jikoni linanisumbua.

Nimenunua chupa mbili za mafuta ya nazi kwenye maduka mawili tofauti hapa Arusha. Zote nusu lita, zote zimeandikwa nazi tupu. Nimeziweka rafu moja, jirani na chupa ya alizeti. Huu ni mwezi wa saba, mnaoijua Arusha mnaelewa. Asubuhi ya pili chupa A imekuwa nyeupe pe, ukiipindua kichwa chini haidondoshi hata tone. Chupa B imebaki maji kama nilivyoinunua. Alizeti nayo maji.

Nikarudi kwa muuzaji wa B, akaniambia "haya yamechujwa mara nyingi, ndiyo maana hayagandi." Wa A naye akasema "yasiyoganda ni feki, mrudishie mwenyewe." Mke wangu yeye anasema bora hiyo B, kwa sababu mafuta yanayoganda kwenye chupa yanaganda na kwenye moyo.

Nani mkweli? Na hasa nataka kujua: baridi ni ileile, rafu ileile, kwa nini mafuta haya yagande na haya yakatae?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Leteni karanga.

#3 Mnazi Mkinda
Umepigwa, hakuna haja ya uzi mrefu.

Mimi wa Tanga, tumelelewa na minazi. Bibi alikuwa anakuna kwa mbuzi, anakamua tui zito, analilaza usiku. Asubuhi anaengua lile la juu, anabandika jikoni, anakoroga mpaka maji yanaisha na mashapo yanageuka kahawia (tulikuwa tunayagombania hayo mashapo na sukari). Anachuja kwa kitambaa. Mafuta yale mwezi wa saba alfajiri yalikuwa yanaganda hapo hapo Tanga, kwenye chupa ya soda. Ukitaka kupaka kichwani uiweke chupa juani kwanza.

Mafuta ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Jikoni kwako Arusha mwezi huu nyuzi 24 utazipata wapi? B si nazi tupu.

#4 Daktari wa Redio
Shemeji yuko sahihi. Mafuta yanayoganda yana kolesteroli, ndiyo inayoganda. Kaeni nayo mbali.

#5 Nesi wa Zamu
@Daktari wa Redio hapana. Kolesteroli ni ya wanyama; mafuta ya mmea wowote, yawe nazi, mawese au alizeti, hayana kolesteroli ya kuhesabika. Halafu mwili uko nyuzi 37. Kitu kinachoyeyuka nyuzi 24 hakiwezi kwenda kuganda kama mshumaa ndani ya mshipa wenye nyuzi 37.

Ni kweli kwamba kula sana mafuta ya aina ya nazi kunaweza kupandisha kolesteroli ya damu. Lakini hiyo ni kazi inayopitia kwenye ini. Haihusiani na kuganda kwenye rafu.

#6 Daktari wa Redio
Sawa nesi, nimenyooshwa. Jina langu lenyewe linajieleza.

#7 Nondo Kumi
Jibu ni uzito tu wadau. Molekuli nzito zinashindwa kutembea kwenye baridi, zinaganda. Nyepesi zinaendelea kuzurura. Nazi ina molekuli nzito, alizeti nyepesi. Imeisha hiyo.

#8 Ticha Mstaafu
Haijaisha, Nondo. Umeanza vizuri ukamaliza vibaya, na ni kosa nililolisahihisha kwa wino mwekundu miaka mingi.

Mafuta yote haya yamejengwa kwa minyororo ya kaboni. Mnyororo mkuu wa nazi ni asidi ya lauriki, ina kaboni 12. Minyororo ya alizeti mingi ina kaboni 18. Kwa hesabu yako ya uzito, alizeti ndiyo ingeganda kwanza na nazi ikabaki maji. Mambo yako kinyume.

Kuna mfano unaouma zaidi. Asidi ya steariki na asidi ya oleiki zote zina kaboni 18. Uzito wake ni 284 na 282, zinatofautiana haidrojeni mbili tu. Ya kwanza inayeyuka nyuzi 69 hivi. Ya pili nyuzi 13. Uzito umeeleza nini hapo?

Kinachotofautiana ni umbo. Fikiria molekuli ya mafuta kama uma wa meno matatu marefu. Meno ya nazi karibu yote yamenyooka. Meno ya alizeti yana kipinda mahali penye bondi maradufu (kaboni mbili zimeshikana mara mbili), mengine vipinda viwili. Sasa nenda kafunge mzigo wa kuni. Kuni za mkaratusi zilizonyooka zinalala sambamba, unakaza kamba, unajitwika. Kuni za matawi ya mkorosho funga utakavyofunga, mzigo una matundu, ukitikisa kidogo unamwagika.

Mvutano kati ya molekuli moja ya mafuta na nyingine ni dhaifu mno, na unafanya kazi pale zinapokaribiana kabisa. Zikiachana kidogo tu, unapungua ghafla. Zilizonyooka zinagusana urefu mzima. Zilizopinda zinagusana viwiko. Joto dogo la Arusha linatosha kuzitenganisha.

#9 Kitunguu Maji
Ticha heshima yako. Hiyo ya kuni nimemsomea mama watoto, kaielewa kuliko mimi.

#10 Aitchtuu
Ticha amesahau jambo la msingi: bondi ya haidrojeni! Ndiyo nguvu kubwa kuliko zote kati ya molekuli. Nazi ina bondi za haidrojeni nyingi, ndiyo maana inaganda.

#11 Ticha Mstaafu
Sijaisahau, nimeiacha makusudi kwa sababu haipo hapo. Ili bondi hiyo itokee, yaani haidrojeni ya molekuli moja kuvutwa na molekuli jirani, unahitaji haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, naitrojeni au florini. Kwenye mafuta ya kula ile oksijeni na haidrojeni ya gliserini (ndiyo mpini wa ule uma) imeshatumika kuunganisha meno ya uma. Ukitaka kuiona bondi ya haidrojeni shika gliserini yenyewe ya dukani: sehemu tatu za kushikana kwenye molekuli moja ndogo, ona inavyovutika na kunata.

Au tazama maji. Uzito wa molekuli ya maji ni 18, yanachemka nyuzi 100. Haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, uzito wake 34, karibu mara mbili, lakini inachemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji yangekuwa hayashikani kwa haidrojeni, mimi na wewe tusingekuwa na bahari, tungekuwa na hewa.

#12 Nondo Kumi
Ticha, kwani maji yakichemka si ndiyo yanavunjika yanakuwa haidrojeni na oksijeni? Ndiyo maana nikasema uzito, vile vipande vinakuwa vyepesi vinapaa.

#13 Fundi Mtungi
🤣🤣 Nondo, ingekuwa hivyo kila nyumba inayochemsha chai ingelipuka. Mvuke ni maji yaleyale, molekuli zimeachana mikono tu.

Mimi nauza gesi. Nikuletee mfano wa umbo alioutaja Ticha. Ndani ya mtungi kuna propani na butani. Butani iko ya aina mbili zenye atomu zilezile, idadi ileile: moja mnyororo ulionyooka, nyingine ina tawi. Iliyonyooka inachemka karibu sifuri, nusu nyuzi chini yake. Yenye tawi inachemka nyuzi 12 chini ya sifuri. Uzito sawasawa kabisa! Ile yenye tawi imejikunja kama ngumi, haina pa kushikwa.

#14 Ukungu wa Makete
Fundi hapo umenigusa. Huku kwetu asubuhi ya Juni mtungi unawasha moto wa kujionea huruma, unakuwa kama mshumaa. Mpaka mtu akaukumbatie na blanketi.

#15 Fundi Mtungi
@Ukungu wa Makete propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri kwa hiyo haisumbuki na baridi yenu, inatoka kwanza. Butani ndiyo inabaki chini ya mtungi inasinzia. Mtungi ukikaribia kuisha ndipo unapoona moto mdogo. Na tafadhali usiuweke mtungi karibu na jiko la mkaa kuupasha, nimeona watu wanafanya.

#16 Mnazi Mkinda
Na kuoga mnaoga kweli huko Makete?

#17 Ukungu wa Makete
Tunaoga Jumamosi, kama kuna jua. Rudi kwenye nazi yako.

#18 Bahari ya Maskati
Assalaam alaikum. Niko Maskati, asili yetu Unguja. Mie mafuta ya nazi huku sijayaona yameganda mwezi wa sita wala wa saba, nje joto linapita 40. Lakini chumba cha kulala, kiyoyozi kiko 19, chupa ileile inaganda kichwani mwa kitanda. Ya jikoni maji, ya chumbani jiwe. Watoto wananiambia mama umenunua aina mbili. Kwa hivyo muuzaji asikutie maneno, kitu kimoja kinaweza kuwa vyote viwili.

#19 Kitunguu Maji
Shukrani. Ila mimi zangu ziko rafu moja, hiyo haitanisaidia.

#20 Mkono wa Brashi
Naomba kuuliza Ticha, mimi mchora mabango, natumia thina kila siku. Tuseme nguvu ya kushikana ikiwa kubwa, kitu kinachelewa kuchemka NA kinawahi kuganda, siyo? Yaani vyote vinakwenda pamoja.

#21 Ticha Mstaafu
Swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na jibu lake linaniharibia hata mimi maelezo.

Kwenye thina huwa mnakuta tolueni. Ndugu yake ni benzeni. Benzeni inachemka nyuzi 80, tolueni nyuzi 111. Kwa hiyo tolueni inashikana zaidi, sivyo? Sasa tazama kuganda: benzeni inaganda ikiwa nyuzi 5.5 juu ya sifuri, lakini tolueni unaiteremsha mpaka nyuzi 95 CHINI ya sifuri ndipo igande. Inayoshikana zaidi inakataa kuganda.

Kuchemka kunakupa nguvu ya mvutano kwa uwazi zaidi. Kuganda kunataka na mpangilio. Benzeni ni kama sahani, unazipanga rafu. Tolueni ni sahani yenye mpini.

#22 Nondo Kumi
Kwa hiyo Ticha, hata wewe hujui.

#23 Ticha Mstaafu
Ninajua kiasi cha kujua kwamba neno moja halitoshi. Endelea kuninyanyasa.

#24 Mlango wa Friji
Kuna kitu hamjakigusa. B inaweza kuwa nazi safi na bado ikawa maji. Kimiminika kinaweza kushuka chini ya kiwango chake cha kuganda kikakaa hivyohivyo kama hakina pa kuanzia. Molekuli zinataka kujipanga ila hakuna wa kwanza kusimama mstari. Chupa A ilikuwa na vumbi kidogo la nazi, au mkwaruzo ndani, ikaanza. B imechujwa vizuri (muuzaji alisema!), haina mbegu.

Jaribio rahisi: chokoa punje ya A iliyoganda, itie ndani ya B. Kama ni nazi iliyochelewa, itaanza kuganda kutokea pale kwenye punje. Kama si nazi, hutaona kitu.

#25 Siti ya Mbele
Hatimaye jaribio. Karanga zimeisha, naongeza.

#26 Kitunguu Maji
Ripoti. Saa moja jioni nimechokoa punje ya A kwa ncha ya kisu, ukubwa wa punje ya mchele. Nimeidondosha kwenye B. Ikashuka taratibu ikizungukazunguka mpaka chini, ikatua. Nimekaa na tochi ya simu kama robo saa, hakuna kilichoota. Saa nne usiku ilikuwa imepungua, kingo zimelainika kama sabuni iliyokaa majini. Asubuhi haipo. Chupa yote maji, angavu.

#27 Mlango wa Friji
Basi nimejifunga mwenyewe. Punje imeyeyukia humo badala ya kuanzisha mgando. B si nazi iliyochelewa.

#28 Mnazi Mkinda
Nilisema post namba 3. Naomba posho yangu.

#29 Nahodha Chombo
Ngojeni. Amesema punje ILIZAMA. Mie mvuvi wa Kilindoni, barafu natia kwenye tangi kila siku, barafu inaelea. Sasa mbona mafuta yaliyoganda yanazama kwenye mafuta ya maji? Si vyote ni kuganda?

#30 Aitchtuu
HAPA NDIPO NILIPOKUWA NAWASUBIRI. Bondi ya haidrojeni!

Vitu vingi vikiganda molekuli zinasogeleana, kitu kinakuwa kizito kwa ujazo uleule, kinazama. Maji yanakwenda kinyume kwa sababu kila molekuli inataka kushika jirani wanne, kwa pembe yake maalumu. Ili wote washikane sawasawa inabidi waachiane nafasi katikati. Barafu ina matundu kama kimia. Lita moja ya barafu ina gramu 917 hivi, lita ya maji gramu 1,000. Ndiyo maana inaelea, na ndiyo maana chupa ya maji iliyojaa inapasuka kwenye friza.

#31 Ticha Mstaafu
Alama zote. Nimeongeza na ya mwandiko.

#32 Nahodha Chombo
Ahsante sana. Miaka yote nilidhani barafu inaelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani.

#33 Nondo Kumi
Na ile ya Mpemba je? Yule mhadhiri wa chuo kikuu aliyegundua maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi. Nayo ni bondi ya haidrojeni?

#34 Lushoto Juu
Mhadhiri tena? Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, huku kwetu Lushoto, mwaka 1963. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, yeye akawahi nafasi kwenye friza akaweka maziwa yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia umechanganyikiwa tu. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamcheka, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, na huko huko ndipo akamuuliza Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Wakaandika pamoja, ikachapishwa 1969.

#35 Nondo Kumi
Leo siku yangu mbaya.

#36 Mlango wa Friji
Kuhusu sababu yake sasa, kila mtu ana yake. Wapo wanaosema ya moto yanapungua kwa kutoa mvuke. Wapo wanaosema hewa iliyoyeyukia ndani inatoka. Wapo wanaosema chombo cha moto kinayeyusha ule ukungu wa barafu chini yake kikakaa vizuri kwenye friza. Mwaka 2013 watafiti wa Singapore wakaleta bondi ya haidrojeni: maji yakipata joto, bondi za kati ya molekuli zinavutika, zile za ndani ya molekuli zinajikaza, nishati inaachiwa upesi yakipoa. Mwaka 2016 wengine wa Uingereza wakapima tena kwa makini, wakasema hawaoni kabisa hiyo hali, inawezekana ni mahali tu kipimajoto kilipowekwa.

#37 Lushoto Juu
Watu wa aiskrimu wameona kwa macho, hawakuweka kipimajoto.

#38 Mlango wa Friji
Ndiyo tatizo lenyewe mkuu.

#39 Nesi wa Zamu
Uzi umefika mbali. Na mimi nichomekee: hizi nguvu dhaifu mnazozisema, za molekuli za mafuta, ndizo nilisoma zinamshikilia mjusi kafiri kwenye dari. Ni kweli au ni hadithi?

#40 Mkono wa Brashi
Mjusi ana gundi. Nimewahi kumshika, nyayo zinanata.

#41 Aitchtuu
Hana gundi. Kila mguu wake una vinyweleo karibu nusu milioni, na kila kinyweleo kinachanika ncha mamia. Ncha hizo ni ndogo kiasi kwamba zinaukaribia ukuta mpaka ule mvutano wa Ticha, unaofanya kazi pa karibu tu, unaanza kuhesabika. Mmoja mmoja si kitu. Ukijumlisha wote, anabeba mwili wake kwenye kioo bila wasiwasi. Walipima nguvu ya kinyweleo kimoja mwaka 2000, Marekani. Kwenye Teflon kavu anateleza.

#42 Ticha Mstaafu
Wapo wanaosema unyevu nao unachangia, na wengine wakaleta umeme tuli. Hayo hayajafungwa. Ila hiyo ya mvutano ndiyo yenye wafuasi wengi. Unaitwa kwa jina la Mholanzi van der Waals, aliyepewa Nobel ya fizikia 1910. Aliyeeleza unatoka wapi ni Fritz London, 1930: elektroni hazitulii, kila nukta upande mmoja wa molekuli unakuwa hasi kidogo, jirani anaitikia. Ni kama mtu akipiga mwayo kwenye daladala.

#43 Siti ya Mbele
Nimepiga mwayo.

#44 Mawese Original
Nimechelewa, niko Kigoma na mtandao wa huku mnaujua. Nimesoma wote, hakuna hata mmoja aliyetaja mawese. Aibu.

Mawese nusu ya minyororo yake imenyooka, nusu imepinda. Kwa hiyo yanafanya yote mawili: chini uji, juu maji. Viwandani wanayapoza taratibu, yale yaliyonyooka yanaganda kwanza, wanachuja, wanabaki na sehemu ya maji. Hiyo sehemu ndiyo inauzwa madumu kwa madumu kama mafuta ya kula. Haina rangi ya mawese, haina harufu. Ukiweka kiini cha harufu ya nazi humo, nani atajua?

Kitunguu, nenda kaiweke B kwenye friji ulale. Nazi tupu itaganda yote. Alizeti itabaki maji. Yangu itakatika nusu kwa nusu.

#45 Mnazi Mkinda
Leo watu wa Kigoma mmekuja na hoja. Naikubali.

#46 Singida Dhahabu
Alizeti kubaki maji inategemea. Ile tunayokamua mashineni vijijini, haijasafishwa, ikiingia friji inakuwa na wingu. Si kwamba mafuta yameganda, ni nta ya maganda ya mbegu. Nta ni minyororo mirefu imenyooka kweli kweli, inawahi kuganda. Kwa hiyo msije mkamwita mtu wa Singida tapeli kwa sababu ya wingu.

#47 Kitunguu Maji
Ripoti ya pili. B imelala friji. Asubuhi: theluthi ya chini nyeupe, laini kama uji wa sembe uliopoa. Theluthi mbili za juu maji ya njano mpauko. Mpaka wake si mstari, ni kama mizizi mizizi inapanda kutoka chini.

#48 Mawese Original
MAWESE. Kesi imefungwa.

#49 Mnazi Mkinda
Haijafungwa. Nazi iliyochanganywa na alizeti nayo itafanya hivyo hivyo. Nazi inaganda chini, alizeti inabaki juu.

#50 Ticha Mstaafu
Nyote mnaweza kuwa sahihi, na friji ya nyumbani haiwezi kuwaamua. Ukichanganya mafuta mawili, hayajitengi kwa usafi kama mchele na kokoto. Minyororo iliyopinda inajichomeka katikati ya iliyonyooka na kuichelewesha, mgando unashuka kwa wote. Kuni chache za mkorosho zinaharibu mzigo mzima wa mkaratusi. Kiasi gani ni kipi, hapo mpaka maabara.

#51 Bahari ya Maskati
Kuna na mafuta ya nazi yaliyotenganishwa, huku tunayauziwa kwa ajili ya ngozi na nywele. Wametoa minyororo mirefu wakaacha ya kaboni 8 na 10. Hayo ni halali, ni ya nazi kweli, na hayagandi ovyo. Pengine muuzaji wake alikuwa anasema kweli ila hajui kusema.

#52 Mawese Original
Hayo yana bei dada yangu. Hakuna mtu atayauza nusu lita kwa bei ya mafuta ya kupikia.

#53 Nondo Kumi
Kitunguu, ulinunua bei gani B ukilinganisha na A?

#54 Kitunguu Maji
B ilikuwa rahisi kidogo. Kidogo tu. Ndiyo maana sikushtuka.

#55 Fundi Mtungi
Hahaha, "kidogo tu" ndiyo bei ya kupigwa.

#56 Mlango wa Friji
Kitunguu tufanye jaribio la mwisho. Gawa B vikombe vitatu, kimoja ongeza A kijiko, kimoja ongeza alizeti kijiko, kimoja kiache. Vyote friji, utuletee picha za mgando.

#57 Kitunguu Maji
Wakuu mniwie radhi. Nimetoka kazini nakuta jikoni kunanukia. Mama watoto kamwaga B yote kwenye karai, kakaanga mihogo na dagaa. Nikamwambia ile ilikuwa ushahidi. Kaniambia ushahidi ulikuwa unajaza friji.

#58 Mnazi Mkinda
Mihogo ilinukia nazi?

#59 Kitunguu Maji
Ilinukia dagaa.